Ukadiriaji wa uwiano wa sampuli kwa mgawanyo wa kawaida

Ukadiriaji wa uwiano wa sampuli kwa mgawanyo wa kawaida ni njia ya takwimu ambayo hesabu ndefu za mgawanyo wa binomia huachwa, na mahali pake hutumika hesabu fupi za mgawanyo wa kawaida, yaani ule wenye mchoro wa umbo la kengele. Njia hii huhitajika pale ambapo watu au vitu kadhaa vimechaguliwa kwa bahati nasibu, kila kimoja kikapewa jibu la "ndiyo" au "hapana", na mtafiti anataka kujua kama uwiano wa "ndiyo" alioupata unaweza kuwa mbali na uwiano wa kweli, na kwa kiasi gani.

Njia hii haifai kila mahali. Wanafunzi wengi hukariri kwamba sampuli ikifika 30 inatosha. Kwa uwiano, kanuni hiyo si sahihi: sampuli ya 20 inaweza kutosha vizuri, na sampuli ya 500 isitoshe hata kidogo. Ukubwa wa sampuli peke yake hauamui. La kuangalia ni majibu mangapi yanatarajiwa kuwa "ndiyo" na mangapi yanatarajiwa kuwa "hapana", hasa upande ule wenye machache.

== Istilahi na alama ==

Katika makala hii *n* ni idadi ya majaribio, yaani ukubwa wa sampuli. *P* ni uwezekano wa kupata "ndiyo" katika jaribio moja. *Q* ni 1 − *p*. Na *X* ni idadi ya "ndiyo" zilizopatikana. Uwiano wa sampuli ni *X/n*.

Istilahi za Kiswahili katika tawi hili hazijatulia, kwa kuwa hisabati ya sekondari na vyuo katika Afrika Mashariki hufundishwa zaidi kwa Kiingereza. Msomaji atakuta mahali pengine "usambaaji" au "mtawanyo" badala ya mgawanyo, na "mkengeuko" badala ya mchepuko. Maana ni ileile.

Mgawanyo wa binomia unadai mambo manne: idadi ya majaribio iwe imewekwa kabla ya kuanza, kila jaribio liwe na majibu mawili tu, uwezekano *p* usibadilike kutoka jaribio moja hadi jingine, na majaribio yasitegemeane. Yakitimia yote, uwezekano wa kupata "ndiyo" *k* kamili ni

C(*n*, *k*) × *p*^*k* × *q*^(*n* − *k*)

ambapo C(*n*, *k*) ni idadi ya njia za kuchagua vitu *k* kutoka vitu *n*. Wastani wa *X* ni *np*, na mchepuko sanifu wake ni √(*npq*). Kwa uwiano *X/n*, wastani ni *p* na mchepuko sanifu ni √(*pq/n*).

Kugawanya kwa *n* hakubadilishi umbo la mgawanyo. Hubadilisha vipimo vya mhimili tu. Kwa hiyo sharti linalofaa kwa idadi *X* ndilo hilohilo linalofaa kwa uwiano *X/n*, wala hakuna haja ya kukariri masharti mawili.

== Historia ==

Mtu wa kwanza kuonyesha uhusiano huu ni Abraham de Moivre (1667–1754), mwanahisabati Mfaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti aliyehamia London kwa sababu ya mateso ya kidini nchini kwake. Mwaka 1733 alitoa kijitabu kifupi kwa Kilatini kuhusu jumla ya vipengele vya binomia, kisha akakiingiza katika toleo la pili la kitabu chake *The Doctrine of Chances* la mwaka 1738. Tatizo lake lilikuwa la vitendo: kujumlisha mamia ya vipengele vya binomia kwa kalamu ni kazi ya kuchosha, naye alitafuta njia ya mkato. De Moivre alishughulikia hasa hali ya sarafu, yaani *p* = 1/2. Pierre-Simon Laplace aliipanua kwa *p* yoyote na kuiweka katika kitabu chake kikubwa cha uwezekano cha mwaka 1812. Ndiyo maana nadharia hii huitwa nadharia ya De Moivre na Laplace.

Nadharia yenyewe inasema kwamba *n* ikikua bila mwisho huku *p* ikibaki palepale, mgawanyo wa binomia hukaribia mgawanyo wa kawaida. Haisemi *n* ipi inatosha. Swali hilo lilipata jibu la jumla katika karne ya 20, pale Andrew Berry mwaka 1941 na Carl-Gustav Esseen mwaka 1942, kila mmoja peke yake, walipoweka mpaka wa kosa. Kwa binomia, mpaka huo unasema kuwa kosa kubwa kabisa katika uwezekano wa "*k* au chini yake" halizidi takriban 0.48 × (*p*² + *q*²) / √(*npq*). Kwa sarafu iliyorushwa mara 100 fomula hii inatoa 0.048, kosa halisi, bila sahihisho litakaloelezwa hapa chini, ni karibu 0.040. Jambo la kuangalia ni kwamba chini ya mstari wa mgawanyo hakuna *n* peke yake bali *npq*. Sampuli kubwa yenye *p* ndogo mno inaweza kuwa na *npq* ndogo.

== Chanzo cha kanuni za 5 na 10 ==

Vitabu vya shule hutoa kanuni za haraka: *np* na *nq* zote ziwe 5 au zaidi, vingine husema 10, vingine hudai *npq* izidi 9 au 10. Mara nyingi namba hizo hutolewa bila sababu, nazo huonekana kama zimeokotwa njiani. Zina asili yake.

Idadi ya "ndiyo" haiwezi kuwa chini ya 0 wala kuzidi *n*. Ni kama mgawanyo wa binomia umejengewa kuta mbili. Mgawanyo wa kawaida hauna kuta; mikia yake huendelea pande zote mbili bila mwisho. Ukadiriaji utakuwa mzuri iwapo kengele itakaa mbali na kuta zote mbili, kiasi kwamba sehemu ya mkia inayovuka ukuta ni ndogo ya kupuuzwa. Katika mgawanyo wa kawaida, takriban asilimia 95 ya uzito wote iko ndani ya michepuko sanifu 2 kutoka wastani, na asilimia 99.7 iko ndani ya michepuko 3.

Tuseme tunataka michepuko 3 ienee kati ya wastani na ukuta wa 0. Lazima basi *np* iwe kubwa kuliko 3√(*npq*). Pande zote mbili zikipigwa kipeuo kinyume, yaani zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikigawanywa kwa *np*, tunapata *np* > 9*q*. Kwa kuwa *q* haizidi 1, *np* ikifika 10 sharti limetimia kwa vyovyote vile. Ukuta wa upande wa pili unatoa *nq* > 9*p* kwa njia hiyohiyo. Tukiridhika na michepuko 2, tunapata *np* > 4*q*, na hapo 5 inatosha. Kanuni ya 5 na kanuni ya 10 hazipingani basi. Moja inadai nafasi ya michepuko miwili, nyingine mitatu.

Kutokana na kanuni ya 10, mtu anayechunguza jambo linalotokea kwa nusu ya watu anahitaji sampuli ya 20. Kwa jambo la asilimia 10 anahitaji 100, kwa asilimia 1 anahitaji 1,000, na kwa jambo linalompata mtu mmoja katika elfu anahitaji 10,000. Hapo ndipo namba 30 inapoonekana kuwa haina msingi katika swali hili.

Kuna na suala la ulinganifu. Kengele ina pande mbili zilizo sawa, lakini binomia ina ulinganifu pale tu *p* inapokuwa 1/2. Kipimo cha kuegemea upande mmoja ni (1 − 2*p*) / √(*npq*). Kikikaribia 0, mchoro ni wa kulingana. Kikizidi 1, mchoro umelala wazi upande mmoja na mkia wake mrefu uko upande wa pili.

== Mifano ==

=== Sarafu mara 20 ===

Sarafu isiyo na hila inarushwa mara 20. Uwezekano wa kupata vichwa 7 au pungufu, kwa hesabu kamili ya binomia, ni 0.1316. Wastani ni 10 na mchepuko sanifu ni √5, yaani 2.236. Mwanafunzi akiingiza 7 moja kwa moja, anapata (7 − 10) / 2.236 = −1.34, na jedwali linampa 0.0899. Amekosea kwa zaidi ya sehemu nne katika mia.

Kosa hilo halitokani na udogo wa sampuli. Linatokana na kupima vitu vinavyohesabika kwa mgawanyo usio na mapengo. Katika mchoro wa nguzo, nguzo ya 7 inaanza 6.5 na kuishia 7.5. Anayetaka "7 au pungufu" anapaswa kuichukua nguzo yote, hivyo aingize 7.5. Hapo anapata −2.5 / 2.236 = −1.118, na jedwali linatoa 0.1318, tofauti ya 0.0002 tu na jibu kamili. Nusu hiyo inayoongezwa au kupunguzwa huitwa sahihisho la mwendelezo. Kwa uwiano, sahihisho si nusu bali ni nusu ya 1/*n*, na hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama: wanaongeza 0.5 kwenye uwiano wa 0.35 na kupata 0.85 bila kushtuka.

=== Watoto 40 na selimundu ===

Baba na mama wakiwa wote wawili wanabeba jeni moja ya selimundu (sikoseli) bila kuwa wagonjwa, kila mtoto wao ana uwezekano wa 1/4 wa kurithi jeni zote mbili na kuugua. Mtoto mmoja hategemei mwingine, isipokuwa mapacha wa kufanana. Katika familia moja yenye watoto wanne, uwezekano wa kutopata mgonjwa hata mmoja ni (3/4)⁴, yaani 0.316. Wazazi wanaoambiwa "robo" mara nyingine huelewa kwamba akishaugua mmoja watatu waliobaki wamesalimika. Sivyo, kila ujauzito unaanza na robo yake upya.

Chukua sasa watoto 40 wa wazazi wa namna hiyo. *np* ni 10 na *nq* ni 30, hivyo kanuni imetimia, ingawa kwa kuponea. Mchepuko sanifu ni √7.5, yaani 2.739. Uwezekano wa kupata wagonjwa 5 au pungufu, kwa kengele yenye sahihisho, ni 0.0502. Uwezekano wa kupata 15 au zaidi ni huohuo 0.0502, maana kengele haibagui upande. Hesabu kamili inasema 0.0433 kwa upande wa chini na 0.0544 kwa upande wa juu. Kosa ni chini ya sehemu moja katika mia kila upande. Kwa kazi nyingi hilo halina madhara. Lakini msomaji aone mwelekeo wake: *p* ikiwa chini ya nusu, mkia wa juu ndio mrefu, na kengele huupunguza.

=== Jambo adimu, sampuli ya 30 ===

Sasa *p* iwe 0.02 na *n* iwe 30, ile sampuli "inayotosha". Matarajio ni 0.6, hata mtu mmoja hafiki. Mchepuko sanifu ni 0.767. Kengele iliyochorwa hapa inaweka karibu asilimia 22 ya uzito wake chini ya sifuri, yaani inadai kwamba zaidi ya mara moja katika tano tutapata idadi hasi ya watu. Uwezekano wa kupata 3 au zaidi, kwa hesabu kamili, ni 0.0217, kengele yenye sahihisho inatoa 0.0066, chini ya theluthi ya jibu la kweli.

Kwa hali kama hii kuna mgawanyo mwingine, ule wa Siméon Denis Poisson, alioueleza katika kitabu chake cha mwaka 1837. Unafaa pale *n* ni kubwa, *p* ni ndogo, na *np* ni ya wastani. Hapa unatoa 0.0231 kwa swali lilelile. Wanafunzi hawana budi kuiona njia ya Poisson na njia ya kengele kama ndugu wawili wanaogawana kazi, kwani mmoja anaposhindwa mara nyingi mwingine anaweza.

== Katikati na mikiani ==

Kanuni za haraka zinahusu maswali ya kawaida, yale ya uwezekano wa asilimia 5 au 10. Anayeuliza kuhusu matukio adimu mno ndani ya mgawanyo wenyewe anahitaji kuwa mkali zaidi. Kwa *n* = 100 na *p* = 0.1, *np* ni 10 na *npq* ni 9. Uwezekano wa kupata 20 au zaidi ni 0.0020. Kengele inasema 0.0008. Tofauti ya hizo mbili ni ndogo ukiitazama kama namba, lakini kwa mkaguzi wa ubora anayeamua kama kundi la dawa litupwe au lipokelewe, jambo la mara 20 katika 10,000 si sawa na la mara 8. Kosa dogo la kutoa linaweza kuwa kosa kubwa la kugawanya.

== Pale *p* isipojulikana ==

Hadi hapa *p* imechukuliwa kuwa inajulikana. Katika utafiti haijulikani, ndiyo inayotafutwa. Njia inayofundishwa kwanza ni kuweka uwiano wa sampuli mahali pa *p* katika fomula ya mchepuko, kisha kutaja masafa ya uhakika ya asilimia 95: uwiano wa sampuli, kuongeza na kutoa 1.96 × √(*pq/n*). Sharti nalo hupimwa kwa idadi zilizopatikana: "ndiyo" zisipungue 10 na "hapana" zisipungue 10.

Udhaifu wa njia hii huonekana wazi idadi ikiwa sifuri. Tuseme watu 50 wamepewa dawa mpya na hakuna aliyepata madhara. Uwiano wa sampuli ni 0, mchepuko unaokadiriwa ni 0, na masafa ya uhakika yanakuwa kutoka 0 hadi 0. Fomula imetangaza kwa uhakika kwamba dawa haina madhara kabisa, kwa ushahidi wa watu 50. Kama kiwango cha kweli cha madhara ni asilimia 2, sampuli ya 50 itakosa mgonjwa hata mmoja mara 36 katika 100, kwa kuwa 0.98⁵⁰ ni 0.364. Hivyo masafa yanayodaiwa kuwa ya asilimia 95 yatauzingira ukweli kwa karibu asilimia 64 tu ya mara zote.

Jibu la haraka kwa hali ya sifuri ni kanuni ya tatu: kama hakuna tukio katika watu *n*, basi kwa uhakika wa asilimia 95 kiwango cha kweli hakizidi takriban 3/*n*. Kwa watu 50 hiyo ni asilimia 6. Inatokana na kutafuta *p* inayofanya (1 − *p*)^*n* kuwa 0.05, jibu kamili kwa 50 ni 0.058. Kanuni hii ilipata umaarufu kati ya madaktari baada ya makala ya James Hanley na Abby Lippman-Hand ya mwaka 1983. Inafaa kukumbukwa na kila anayesoma tangazo la "hakuna aliyedhurika": la kwanza kuuliza ni kati ya wangapi.

Kwa hali nyingine ziko njia bora tatu. Edwin Wilson mwaka 1927 alipendekeza tusiweke uwiano wa sampuli ndani ya mchepuko, bali tutafute *p* zote ambazo kwazo matokeo yaliyopatikana yasingekuwa ya ajabu. Kwa sifuri katika 50, masafa yake ni kutoka 0 hadi 0.071. Njia ya Clopper na Pearson ya mwaka 1934 haitumii kengele kabisa. Hutumia binomia yenyewe, na kwa mfano huohuo inatoa pia kikomo cha 0.071. Hiyo ni ya tahadhari, na kwa kawaida masafa yake ni mapana kuliko inavyohitajika. Agresti na Coull mwaka 1998 walionyesha hila rahisi inayoweza kufanywa hata kwa kalamu: ongeza "ndiyo" mbili na "hapana" mbili za kubuni, kisha endelea na fomula ya kawaida. Mwaka 2001 Brown, Cai na DasGupta walichapisha uchunguzi mrefu ulioonyesha kwamba fomula ya kwanza hupotosha mara kwa mara hata pale *n* si ndogo, na kwamba ubora wake hupanda na kushuka bila mpangilio *n* inapoongezeka. Hata hivyo bado ndiyo inayotangulia katika vitabu vingi vya shule, na kwa sababu ya kueleweka: ni fupi, na inaonyesha wazi asili yake.

== Mambo ambayo masharti hayayaoni ==

Mtu anaweza kutimiza *np* ≥ 10 na *nq* ≥ 10 na bado akapata jibu baya, kwa sababu masharti hayo hupima umbo la mgawanyo tu. Hayaulizi kama binomia yenyewe ilifaa.

Turudi kwenye selimundu. Mtafiti anayekwenda kliniki na kuandika familia za watoto wanaotibiwa hapo, kisha akahesabu wagonjwa kati ya watoto wote wa familia hizo, hatapata robo. Familia zisizo na mgonjwa hazikufika kliniki. Kwa familia za watoto wanne, uwiano unaotarajiwa unakuwa 0.25 / (1 − 0.316), karibu 0.37. Akikusanya watoto 400, masharti yote ya kengele yatatimia, na atapata masafa membamba yaliyozunguka namba isiyo sahihi. Kuongeza sampuli kutazidi kuyabana masafa hayo. Hakutayasogeza kwenye robo.

Kutegemeana ni tatizo la pili. Ukiuliza watu 300 kama walilala ndani ya chandarua, lakini watu hao ni watano watano kutoka nyumba 60, hujapata majibu 300 yaliyo huru. Nyumba yenye vyandarua huwa navyo kwa wengi wao. Wanatakwimu hukadiria hasara hiyo kwa kigawanyo 1 + (*m* − 1)*r*, ambapo *m* ni idadi ya watu katika kila nyumba na *r* ni kipimo cha kufanana kwao. *r* ikiwa 0.5, kigawanyo ni 3, na watu 300 wana thamani ya watu 100.

Tatu ni ukubwa wa jamii yenyewe. Binomia inachukulia kwamba *p* haibadiliki, lakini ukichukua wanafunzi 100 kati ya 200 wa shule moja bila kurudia, kila unayemtoa anabadilisha waliobaki. Mchepuko sanifu hupungua kwa kuzidishwa na √((*N* − *n*)/(*N* − 1)), *N* ikiwa jamii nzima. Hapa hiyo ni 0.71. Sampuli isipozidi asilimia 10 ya jamii, sahihisho hili halifiki sehemu 6 katika 100, na wengi huliacha.

Sampuli kubwa sana ina somo lake pia. Mwanahisabati John Kerrich wa Afrika Kusini, akiwa amezuiliwa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 na kupata vichwa 5,067. Mchepuko sanifu ni 50, hivyo amepita wastani kwa michepuko 1.34, jambo la kawaida kabisa. Kabla yake, mwanazuolojia Mwingereza Raphael Weldon alitoa mwaka 1894 matokeo ya dadu 12 zilizorushwa mara 26,306, jumla dadu 315,672. Alihesabu kila 5 au 6 kuwa "ndiyo", na akapata 106,602. Kama dadu ni za haki, *p* ni 1/3 na matarajio ni 105,224. Tofauti ni 1,378, na mchepuko sanifu ni 264.9, hivyo matokeo yako michepuko 5.2 juu ya wastani. Kengele hapa ni sahihi mno, na ndiyo inayotuambia kwamba dhana ya 1/3 ndiyo iliyovunjika. Karl Pearson aliyatumia matokeo haya katika makala yake ya mwaka 1900 iliyoanzisha jaribio la kai mraba. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba vidoto vya dadu za wakati ule vilichimbwa, hivyo uso wenye vidoto vingi ulikuwa mwepesi kidogo na ukaelekea juu. Uwiano wa Weldon ulikuwa 0.3377 badala ya 0.3333, kwa dadu 1,000 tu tofauti hiyo isingeonekana, kwani mchepuko sanifu wa uwiano ungekuwa 0.015.

== Matumizi ya siku hizi ==

Kompyuta na hata vikokotoo vya kisayansi vya bei ya kawaida vinaweza kukokotoa binomia kamili kwa *n* ya maelfu, hivyo haja aliyokuwa nayo De Moivre imepungua. Programu za majedwali zina amri maalumu ya binomia, na anayeweza kuitumia hana sababu ya kukadiria kwa *n* = 40. Ukadiriaji umebaki na kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga ukubwa wa sampuli kabla ya utafiti, kwa kuwa fomula √(*pq/n*) inaonyesha mara moja kwamba kupunguza kosa kwa nusu kunadai sampuli mara nne. Ya pili ni chumba cha mtihani, ambako mtahiniwa hutumia kitabu cha majedwali, na ambako hutakiwa kuandika *np* na *nq* kabla ya kufungua jedwali.